Muziki wa Korido

Jumanne, tarehe 12 Mei 2015. Vumbi lilikuwa limetanda mjini Dubai tangu alfajiri, na jua lilionekana jeupe kama sahani ya bati, unaweza kulitazama bila kukunja uso. Upepo haukuwa mkali. Ulikuwa unasukuma tu, taratibu, bila kupumzika, na mchanga mwembamba ulikuwa unagonga vioo vya lile jengo la Al Barsha nilikokuwa nafanya kazi za ndani, kama mtu anayepepeta mchele chumba cha pili.

Nilipofika kazini nilikuta viatu vya madam bado vipo mlangoni. Madam alikuwa meneja wa hoteli, na saa zile huwa ameshaondoka. Nikajua ndiyo siku yenyewe. Sir, mume wake, alikuwa anangoja jibu kutoka kwao Japani: ama kampuni yake ya zamani inauchukua muziki aliowatungia, au haiuchukui na yeye anaacha kutunga kabisa. Alikuwa ameshatamka mbele ya mkewe kwamba wakikataa anauza vyombo vyake vyote vya muziki, na madam aliniambia mumewe si mtu wa kusema jambo leo halafu kesho akalisahau.

Na mimi nilikuwa na langu ndani ya jibu hilo. Muziki ukikataliwa, madam angeongeza mkataba wake wa hoteli na tungebaki wote kama tulivyokuwa. Ukikubaliwa, wanarudi Japani kwenda kuurekodi, na viza yangu ilikuwa chini ya madam, akiondoka nayo inakufa. Kwa hiyo mtu angeniuliza asubuhi ile ninaomba nini kwa Mungu, kusema kweli nisingejua la kumjibu. Nilivua viatu, nikavaa kandambili za ndani, nikaanza na vyombo.

Mimi ni mtu wa darasa la saba. Muziki siujui, isipokuwa kuusikia. Nitakayoyasema kuhusu kazi ya sir ni yale niliyoyaona mwenyewe, au aliyonieleza madam tukikunja mashuka, kwa Kiingereza chake cha hoteli na changu cha jikoni. Huenda mengine niliyaelewa vibaya.

Sir alikuwa mtunzi wa muziki wa michezo ya video na wa katuni za Kijapani. Mtu akisikia hivyo anacheka kidogo, na mimi nilicheka, nikidhani ni kazi ya watoto. Madam hakuchukia. Aliniambia sir alianza ujanani kwa kupiga piano kwenye mgahawa ambao watu walikuwa wanakula tu, hakuna anayemsikiliza. Halafu akaajiriwa na kampuni ya michezo, zama zile mashine ilikuwa na uwezo wa kutoa sauti tatu tu kwa mpigo. Ukitaka ya nne, lazima uinyamazishe moja. Kwa sauti hizo tatu sir alitunga muziki wa pango fulani ndani ya mchezo, na watoto wa wakati ule, ambao sasa ni watu wazima wenye watoto wao, mpaka leo wanauimba bafuni.

Baadaye wakamchukua watu wa katuni. Huko, madam alisema, mtunzi haoni picha kwanza. Anapewa maneno matupu: huzuni ya jioni, ugomvi, watu wanakula, mtu anaondoka. Anatunga kwa neno, na picha zinakuja kuvishwa muziki baadaye kama mtu anayechagua shati dukani. Sir alikuwa hodari wa lile neno "mtu anaondoka". Akajulikana. Kumbi zikajaa, watu wakilia kwenye viti vyao. Kisha kampuni ikapata wakubwa wapya, kukawa na maneno, sir akatoka. Alipotoka aliacha kila kitu, maana muziki ni mali ya kampuni. Hata ule wa pango hakuruhusiwa kuupiga jukwaani bila kuomba. Madam alipopata kazi Dubai, sir akamfuata, akawa na yeye yuko chini ya viza ya mkewe, kama mimi. Miaka ikapita anatunga vimuziki vya michezo ya simu, vya kuita mtu akapange matunda kwenye mistari.

Kwetu tulikuwa tunakaa Al Baraha, ndani ya chumba kilichogawanywa kwa mbao: upande mmoja mimi na mume wangu, upande wa pili dada mmoja wa Kikenya, mtu wa Nakuru, askari wa lango kwenye ile mall kubwa iliyo karibu na kazini kwangu. Jiko na choo tulichangia. Siku niliyotaja jina la katuni moja ambayo sir aliitungia muziki, yule dada aliacha kupiga pasi sare yake.

"Wee! Unamaanisha huyo msee ndiye alitunga hiyo ngoma?" Akaiimba mpaka mwisho, na ngumi juu. "Mimi na mabro zangu tulikuwa tunatoka shule mbio kuiwahi. Na wewe unamfulia soksi?"

"Soksi anafua mwenyewe. Mimi nafua mashuka."

"Aki niletee hata kifungo cha shati lake, dadangu."

"Askari mzima na kofia," mume wangu akasema kutoka upande wetu, "unalilia kifungo cha mume wa mtu?"

"Wewe nyamaza, hujui mambo ya watu wakubwa."

Basi, mwanzoni mwa mwaka ule kampuni ya zamani ikamwandikia sir. Walikuwa wanatengeneza sehemu mpya ya ule mchezo uliompa jina, na walitaka watunzi kadhaa washindanishwe kwa kipande kimoja: muziki wa korido ndefu ndani ya jengo lililohamwa. Anayecheza anatembea humo peke yake na anahisi kuna kitu kinamfuata. Kitu chenyewe hakipo. Hakikuchorwa, wala hakitatokea. Muziki peke yake ndio unaotakiwa kukileta.

Nyumba ya Al Barsha ilikuwa na korido, kutoka jikoni mpaka chumba cha kuanikia nguo. Haina dirisha, na taa yake moja ilikuwa ya kujizima yenyewe. Sir aliweka spika ndogo juu ya makabati, ambapo huwezi kuziona. Madam akaja jikoni, akasimama mbele yangu kwa adabu.

"Sir anataka kukuomba kitu. Atapiga sauti wakati unapita. Ukisema hapana ni hapana, hatutakasirika."

"Nifanye nini, madam?"

"Usifanye chochote. Beba kikapu chako, pita kama kawaida."

Nataka hili lijulikane: waliniomba, nami nilikubali. Asitokee mtu akasema nililazimishwa. Hawakuniambia sir anaangalia nini, na baadaye nilielewa kwamba hilo nalo lilikuwa haki yake, kwa sababu mtu akishaambiwa anatazamwa wapi hawezi tena kupita kama kawaida. Mimi nilidhani anapima mwendo wangu, labda urefu wa hatua.

Sir alikaa mwisho wa korido kwenye kigoda, nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu, mikono juu ya magoti. Siku ya kwanza nilipita na mashuka, na sikusikia muziki wowote. Nilisikia kama maji yanapanda ndani ya bomba ukutani. Nikafika katikati, maji yakasimama. Hapo ndipo shingo yangu ilipopoa. Sikujua ni nini. Nilijua tu kwamba kilichokuwa kinatembea kimesimama kwa sababu yangu.

Nilifika kwa sir, nikampita, nikaweka kikapu. Aliniangalia usoni, akatikisa kichwa taratibu. "Khalas," akasema. Lilikuwa neno pekee la Kiarabu alilolijua, na alilitumia kwa kila kitu kilichokwisha, hata sabuni.

Iliendelea hivyo wiki kwa wiki. Siku nyingine ilikuwa pumzi, siku nyingine mchanga. Huo mchanga aliurekodi pale pale nyumbani, siku ya vumbi, kipaza sauti kikiwa kimebandikwa kwenye kioo cha sebuleni. Aliupunguza kasi mpaka ukawa kama mtu anayeburuta miguu, na ndani yake akaficha noti moja ya piano inayochelewa. Unaingoja, haiji. Unakata tamaa, inakuja. Siku hiyo nilishika kikapu kwa nguvu mpaka mpini ukakatika. Nilimwambia madam plastiki za siku hizi ni mbovu.

Kila nikifika mwisho, sir anatikisa kichwa. Khalas.

Alianza kubadilika. Bakuli la mchana nilikuwa nalikuta halijaguswa. Alizima kiyoyozi ili asikie vizuri, na kwa joto lile tulikuwa tunatembea ndani kama watu walio chini ya blanketi. Alitoa betri kwenye saa ya ukutani. Siku moja nilimkuta amesimama katikati ya korido, uso karibu kabisa na ukuta. Spika zilikuwa zimezimwa, nyaya niliziona sakafuni. Akaniinulia kidole ninyamaze.

"Unasikia?" akaniuliza.

Nilisikiliza. Nisiseme uongo, nilisikia jokofu tu. Lakini yeye aliendelea kusikiliza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeitwa na mtu anayemjua. Taa ikajizima. Hakuna kati yetu aliyenyoosha mkono kuiwasha. Mwishowe nilirudi jikoni kinyumenyume, sijui kwa nini nilifanya hivyo.

Kile kitu kilianza kutoka na mimi. Nikishuka metro nilikuwa nasikia hatua zangu zina mwenziwe. Kwenye ngazi za Al Baraha nilikuwa napanda nikisoma dua kimoyomoyo mpaka mlangoni. Mume wangu akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni joto.

Ilikuwa Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, na yule dada wa Kikenya naye alikuwa hana zamu. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali, mume wangu anasoma gazeti mlangoni. Yeye alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, anacheza mchezo kwenye simu, wa mambo ya giza na milango. Akaruka ghafla.

"Aki nimegeuka tena! Na ninajua hakuna kitu!"

"Umegeuka wapi, si umekaa?"

"Mtu wangu wa ndani ya game. Nimemgeuza aangalie nyuma. Huo muziki unakushika shingo, unaona? Ndio kazi yake. Ukigeuka, mtunzi ameweza. Usipogeuka, amefeli, akauze nyanya."

Niliacha mwiko ndani ya sufuria, nikawaeleza habari ya korido na spika za sir.

"Mimi sijawahi kugeuka," nikasema.

"Kwani huogopi?"

"Naogopa mpaka miguu inakufa ganzi. Ndiyo sababu sigeuki."

Hakunielewa. Mume wangu alielewa mara moja, kwa kuwa sote wawili ni watu wa Muheza. Akaweka chini gazeti lake, akamweleza: kwetu, ukiwa njiani ukahisi kitu nyuma, hugeuki. Huitiki, wala hukimbii. Unasoma ulichofundishwa, unakaza macho mbele, unakwenda zako kama mtu aliyetumwa chumvi. Bibi yangu alikuwa ananiambia kwamba kitu cha namna hiyo kinataka uso wako, na ukigeuka umekipa.

"Sisi kwetu tunageuka na tunarusha mawe," akasema yule dada.

"Ndiyo maana mmekuwa maaskari," mume wangu akamjibu.

Wakacheka. Mimi nikarudi koridoni kwa mawazo. Nilikuwa naziona zile siku zote kwa jicho la sir: mwanamke anakuja na kikapu, shingo imenyooka, uso umetulia, anafika bila kutikisika. Kumbe kadiri muziki ulivyokuwa unafanya kazi ndivyo nilivyozidi kunyooka. Na kadiri nilivyonyooka ndivyo alivyozidi kuutupa.

Mume wangu akawa amefika pale nilipokuwa sijafika mimi. "Muziki wake ukikubaliwa si wanaondoka?"

"Wanaondoka."

"Basi endelea vivyo hivyo. Usigeuke."

Alisema akitabasamu, lakini hakuwa anatania. Nimtendee haki: kampuni yake ya usafi ilikuwa inapunguza watu, na wengine walikuwa wamesharudishwa kwenye kambi ya wafanyakazi ya Muhaisnah kungoja tiketi za kurudi kwao tu. Mtoto wetu alikuwa nyumbani kwa bibi yake anasoma. Kama viza yangu ingekufa na yake ikatetereka, tungekuwa wageni mahali pote pawili. Hakukuwa na ubaya moyoni mwake. Alikuwa anatuhesabia kesho yetu, kama mwanaume yeyote.

"Na huyo mzee je?" yule dada akauliza.

"Mzee mkewe meneja. Hatalala njaa."

"Sijauliza kama atakula. Nimeuliza kama atatunga."

Mume wangu akarudi kwenye gazeti. Ugali ukaungua chini.

Jumamosi niliingia kazini nimeamua kumwambia madam. Madam hakuwepo, ameshakwenda hotelini, na nikafurahi, kwa maana nimepata sababu ya kungoja. Nilikuwa najiambia kwamba si kazi yangu kumfundisha mtunzi kutunga. Nilikuwa najiambia pia kwamba huenda nakosea, huenda sir anaangalia kitu kingine kabisa, na nikisema nitaonekana mjinga. Yote mawili yalikuwa na ukweli kidogo.

Sir alikuwa tayari kwenye kigoda. Macho yamevimba. Nikachukua kikapu, nikaingia koridoni. Ngoma zikalia, mabati yakagongana, watu wakapiga kelele ukutani. Nilitembea, na sikuogopa hata chembe. Kipande hicho kilikuwa kibaya kuliko vyote alivyowahi kuvipiga kwenye korido ile. Hapo ndipo nilipoona alivyopotea: kwa kuwa sikugeuka kwa kile cha polepole, alikuwa ameongeza kelele, na juu ya kelele akaongeza kelele. Muda wa kutuma ulikuwa umebaki mdogo. Angetuma hiki.

Nilisimama katikati. Sikupanga kusimama.

"Sir," nikasema. "Hiki siogopi. Zile za mwanzo naogopa. Naogopa sana, kwa hiyo siangalii nyuma."

Hakuelewa. Nikarudi jikoni, nikaanza upya kwa vitendo: mabega juu, midomo inasoma, nikaonyesha nyuma yangu kwa kidole gumba, nikakataza kwa kidole cha shahada. Nilijiona kama mwendawazimu. Sir alinitazama kwa muda, halafu akazima kila kitu na kumpigia madam simu. Nikamweleza madam. Madam akamweleza yeye kwa Kijapani.

Sir akaketi sakafuni. Akasema kitu, na sauti ya madam ikatoka kwenye simu: "Anauliza, na ukigeuka unaona nini?"

"Mwambie sijui, madam. Sijawahi kugeuka."

Sir alimfanya madam alirudie jibu hilo mara ya pili.

Kisha akaamka, akaenda jikoni mwenyewe. Akachukua sinia, akapanga glasi, akazijaza maji karibu na ukingo. Akanipa. Zile kazi za zamani hakuwa amezifuta, zote zilikuwa ndani ya kompyuta. Tukaanza upya, moja baada ya nyingine, mimi natembea na sinia, na yeye hakuwa anaitazama tena shingo yangu. Alikuwa anatazama maji.

Ule wa bomba, maji yalicheza. Ule wa pumzi, kidogo zaidi. Halafu ukaja ule wa mchanga. Nilijua unakuja kwa mlio wake wa kwanza, na nilijiandaa, nikakaza mikono. Nilijua hata noti itachelewa. Ikachelewa. Nikaingoja, nikaacha kuingoja, na nilipofika karibu kabisa na mlango ikaja nyuma ya sikio langu kama mtu aliyekuwepo muda wote. Sinia halikuanguka. Lakini maji yalikuwa yamejaa ndani yake, na mikono yangu ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko.

Sir hakusema khalas. Aliinama, kule kuinama kwao, chini kabisa, na mimi nilikuwa bado nimeshika sinia, sikujua niinamie wapi.

"Tafadhali, sir," nikamwambia, "usiupige tena nikiwa ndani."

Nilimwambia pia kwamba huenda nilikuwa nimechoka tu. Nilikuwa sijalala vizuri, na glasi zilikuwa zimejazwa mno. Sikutaka atume kitu kwa ajili ya mikono yangu halafu kikakataliwa. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Sijui alielewa kiasi gani. Siku ile ile aliutuma.

Mume wangu nilimwambia jioni hiyo. Hakugomba. Alikaa kitandani, akaniuliza: "Ulifikiri?" Nikasema nilifikiri. Akasema, "Haya." Hilo haya lake liliniuma kuliko kama angegomba.

Kungoja kulichukua wiki kadhaa. Sir aliwasha kiyoyozi, akarudisha betri kwenye saa, akawa anakula. Lakini korido hakuipita. Akitaka kitu kwenye chumba cha kuanikia alikuwa ananiomba mimi, na mimi nilikuwa napita mbio, nikisoma, ingawa spika zilikuwa zimeshatolewa. Siwezi kueleza. Ukuta ni ule ule, na hakuna kilichokuwa kinalia.

Ndipo ikafika Jumanne hiyo ya vumbi.

Jibu lilikuja kabla ya adhuhuri. Madam ndiye aliyekuwa kwenye kompyuta, sir amesimama dirishani, mgongo kwetu, anatazama kule ambako siku nyingine huonekana majengo. Niliona mkono wa madam ukienda mdomoni. Alisoma kwa sauti, maneno machache. Sir hakugeuka. Akasema neno moja, madam akaitikia, na ndipo mabega ya sir yakashuka.

"Wameuchukua," madam akaniambia. Alikuwa analia na kucheka. "Na si huo tu. Wanataka atunge mchezo mzima."

Nikasema hongera sir, hongera madam. Nilikuwa namaanisha. Nilifurahi kweli, na wakati huo huo nikaanza kuhesabu siku zilizobaki za viza yangu, na siwezi kusema kimoja kilikuwa cha kweli zaidi ya kingine.

Baadaye tulipokuwa jikoni, madam aliniambia yaliyobaki. Sir anaondoka mwisho wa mwezi. Yeye atamalizia wiki chache za mkataba, halafu anafuata. Ataniandikia barua nzuri na atawauliza marafiki zake kama kuna anayetafuta mtu. "Inshallah," akasema, maana hata Mjapani akikaa huku analisema. Alinishika mkono. Alijua nilichokifanya, na alijua kimenigharimu nini, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza mwanzoni kwamba muziki ukikubaliwa wataondoka. Hakulitaja. Nafikiri alikuwa anaona haya, au labda mimi ndiye niliyeona haya na nikamdhania yeye.

Sir alikuja mlangoni mwa jikoni. Alikuwa ametayarisha maneno yake kwa Kiingereza, niliona anayapanga. Aliniambia muziki ule hauna mwisho. Mchezo ndivyo unavyotaka: unazunguka, na mwisho wake unashikana na mwanzo. Mtu akisimama koridoni, utaendelea kulia. Akiacha kucheza akaenda kula, akasahau kuzima, utaendelea kulia chumbani kwake bila mtu.

Aliyasema kama zawadi. Labda kwao ni zawadi. Nikamuuliza watakaoucheza ni wangapi. Akafungua mikono yote miwili, kama mtu anayeonyesha bahari, akacheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka kwa meno. Mimi nilikuwa nafikiria watoto ndani ya vyumba vyenye giza, nchi ambazo sizijui, na hakuna aliyewafundisha la kusoma. Nilijiuliza kama nilimsaidia mtu au nilifungua mlango. Mpaka leo bado najiuliza. Mume wangu anasema ni mchezo tu, na pengine ndiye aliye sahihi.

Niliondoka mapema. Vumbi lilikuwa bado lipo, taa za barabarani zimewashwa mchana, watu wa metro wamefunika pua. Nilifika Al Baraha nikamkuta mume wangu ameshatoka zamu, na yule dada anavua buti.

"Wamechukua?" mume wangu akauliza.

"Wamechukua."

Yule dada alianza kushangilia, akaona nyuso zetu, akashusha mikono. Halafu akasema taratibu, "Nitauliza huko mall. Kuna madam mmoja wa duka la viatu, analalamika kila siku hana mtu wa nyumbani. Sijui roho yake, lakini nitauliza."

"Uliza," mume wangu akasema. Akanipokea mkoba. "Tuna muda ule wa sheria, wa kubaki viza ikifutwa. Si mwingi, lakini upo." Kisha, bila kuniangalia: "Mzee amefurahi?"

"Amefurahi sana. Amecheka."

"Basi afadhali amefurahi mtu mmoja."

Akaenda kuosha mchele. Tulikula wali, mchuzi wa jodari wa kopo uliotiwa bamia, na ndizi mbivu mbili tulizogawana watu watatu.